Phenom II X2 555: mashine inaposumbua baada ya kufungua viini na kupandisha kasi

"Fundi, jana ilikuwa na viini vinne, leo asubuhi imeamka na viwili." Viini (cores) ni zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Katika malalamiko yote ninayoletewa kuhusu Phenom II X2, prosesa ya AMD, hili ndilo linalojirudia zaidi, na tiba yake ni betri ndogo ya mviringo. Nitalifikia. Kwanza tuelewane tunashughulika na kitu gani, maana makosa mengi yanatokana na kuchanganya mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja la "kufungua".

Phenom II X2 555 Black Edition ilitoka Januari 2010: viini viwili, 3.2 GHz, kashe ya L3 ya MB 6, wati 80, soketi ya AM3. Lakini silikoni iliyo ndani yake si ya viini viwili. Ni Deneb, kipande kile kile cha nanomita 45 kilichotumika kwenye Phenom II X4, chenye viini vinne, viwili vikiwa vimezimwa kiwandani. Baadhi vilizimwa kwa sababu ni vibovu. Vingine vilikuwa vizima kabisa, vikazimwa kwa kuwa soko lilitaka prosesa za bei nafuu nyingi kuliko idadi ya vibovu vilivyopatikana. Ukiishika mkononi huwezi kujua umepata ipi. Mgongoni utasoma kwamba silikoni ilitengenezwa Ujerumani na prosesa ikamaliziwa Malaysia, na utaona HDZ555WFK2DGM: ile Z inakuambia kizidisho cha kasi kiko wazi, na ile 2 inayofuata K ni idadi ya viini ulivyouziwa. Kuhusu afya ya vile viwili vingine, hakuna kilichoandikwa popote.

Kwa hiyo kufungua kwa kwanza ni kufungua viini. Mwanzoni mwa 2009 iligundulika kwamba kipengele cha BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) kilichoitwa Advanced Clock Calibration, ACC kwa kifupi, ambacho kiliwekwa kusaidia kupandisha kasi tu, kikiwashwa huviamsha na viini vilivyozimwa. Kufungua kwa pili ni kule kwa kizidisho, ambacho kwenye Black Edition kiko wazi tangu dukani: pigo la msingi ni 200 MHz, kizidisho ni 16, unapata 3.2 GHz, ukiweka 17 unapata 3.4, ukiweka 18 unapata 3.6.

Usifanye yote mawili siku moja. Ukifungua viini na kupandisha kasi kwa mpigo, kisha mashine ikaganda, utabaki na washukiwa wawili na hutajua umkamate yupi. Mashine yoyote inayoletwa kwangu ikisumbua nairudisha kwanza kwenye mipangilio ya kiwandani: viini viwili, 3.2 GHz, RAM kwa kasi yake ya kawaida. Naendesha Memtest86+, inayopima RAM, mzunguko mmoja mzima, halafu Prime95, inayoichosha prosesa kwa hesabu ngumu, kwa saa moja. Ikianguka hapo, ugonjwa ulikuwepo kabla hujagusa chochote: RAM, pawasaplai, vumbi, au pesti iliyokauka. Tibu hayo kwanza. Kufungua viini juu ya mashine ambayo tayari ni mgonjwa ni kujitafutia usiku mrefu.

Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi

Umewasha ACC, ukahifadhi, mashine ikajiwasha upya na haileti picha. Mara nyingi maana yake ni kwamba kimojawapo cha viini vilivyofichwa kimekufa, au hakitoshelezwi na volteji iliyopo. Hujaiua mashine. Chomoa waya wa umeme ukutani, toa betri ya CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS), hamisha jampa ya kufuta CMOS kwa sekunde chache kisha irudishe, weka betri, washa. Itarudi na viini vyake viwili.

Jaribio linalofuata ni kufungua kimoja kimoja, kama BIOS yako inaruhusu kuchagua. Baadhi ya mazabodi za ASUS, kwa mfano, zina orodha ya viini ambapo kila kimoja kinawashwa au kuzimwa peke yake. Washa cha tatu tu. Kikikataa, kizime, ujaribu cha nne. Kikikataa pia, ongeza volteji ya prosesa hatua ndogo, mathalani kutoka 1.35 hadi 1.40, urudie mara moja tu. Prosesa ambayo haikuleta picha kwa 1.40 sijawahi kuona faida ya kuilazimisha zaidi. Iache na viwili vyake, ni vizuri, na kwa kizidisho kilicho wazi bado una nafasi ya kupandisha kasi.

Inawaka vizuri, lakini viini bado ni viwili

Hapa sababu ni nyingi, na bahati nzuri zote zinachunguzika bila bisibisi. Angalia kwanza chipu ya kusini (southbridge) ya mazabodi yako. SB710 na SB750 zina ACC. SB700 haina. SB850, iliyokuja 2010, iliondolewa ACC, ila watengenezaji wa mazabodi wakaja na njia zao: ASUS waliita Core Unlocker, ASRock wakaita UCC. Kwenye baadhi ya mazabodi za Gigabyte, kuwasha ACC peke yake hakutoshi. Kuna mstari wa EC Firmware Selection unaotakiwa kuwekwa Hybrid. Watu huupita mstari huo kwa sababu jina lake halina dalili yoyote ya viini. Na yapo matoleo ya BIOS yaliyoziba njia hii kabisa, kwa hiyo kama mashine ilikuwa na viini vinne kabla hujasasisha BIOS, umekwisha kupata jibu.

Halafu hakikisha prosesa yenyewe ina kitu cha kufungua. Athlon II X2 250 ya kawaida, ile ya Regor, ni silikoni ya viini viwili halisi. Hakuna kilichofichwa humo, na nimeona watu wakipoteza siku nzima wakitafuta.

Kama BIOS inaonyesha vinne na Windows inaonyesha viwili, fungua msconfig, nenda sehemu ya Boot, kisha Advanced options, uone kama pametiwa alama kwenye idadi ya prosesa na kuandikwa 2. Ondoa alama, washa upya. Programu ya CPU-Z itakuthibitishia: 555 iliyofunguka yote hujitambulisha kama Phenom II X4 B55. Ukiona jina hilo, kazi ya kufungua imekamilika hata kama Windows bado inakunyima.

Sasa ile ya jana vinne, leo viwili. Mazabodi hizi zina umri wa kutosha betri ya CR2032 kuwa imechoka, na nyumba nyingi kwetu swichi ya ukutani huzimwa usiku. Mchana umeme wa ukutani unalinda mipangilio ya BIOS. Swichi ikizimwa kazi hiyo inabaki kwa betri, nayo haina nguvu. Asubuhi BIOS imesahau kila kitu, pamoja na saa na tarehe. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: "Saa ya kompyuta iko sawa?" Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, badilisha betri kabla hujagusa chochote kingine.

Skrini ya bluu

Soma namba, usizime kwa hasira. 0x101 inasema kiini kimoja hakikuitikia pigo la saa ndani ya muda wake. Kwenye mashine iliyofunguliwa viini, hiyo kwa kawaida ni sauti ya kiini kilichoamshwa kinacholegea. 0x124 ni hitilafu ya vifaa, na baada ya kupandisha kasi mara nyingi inaomba volteji zaidi au kasi pungufu. 0x1A na 0x50 zinakupeleka kwenye RAM, hasa kama umegusa lile pigo la msingi. Namba hizi si hukumu ya mwisho, lakini zinakuonyesha mlango wa kuanzia kubisha.

Inafanya kazi vizuri, ila inakosea hesabu

Hapa naomba msomaji asinikimbie, maana ndipo panaponiuma.

Kijana mmoja anayehariri video za harusi alinunua mashine yenye 555 ambayo muuzaji alikuwa ameshaifungua. Vinne vyote vinaonekana. Windows inawaka, michezo inacheza, hakuna skrini ya bluu hata moja. Baada ya wiki mbili akaniletea akilalamikia diski: faili zake za zip zinakataa kufunguka, na video alizotoa zina vimiraba vya kijani vinavyotokea sehemu tofauti kila akitoa upya video ile ile. Diski ilikuwa nzima. Hilo la "sehemu tofauti kila mara" ndilo lililonishtua, kwa sababu diski mbovu huharibu mahali pale pale.

Niliendesha Prime95 na viini vyote vinne kwa kasi ya kiwandani. Dakika ya kumi na moja dirisha la Worker #4 likasimama: "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4". Yale matatu mengine yakaendelea mpaka asubuhi bila kukosea. Nikarudia mara mbili, na kila mara ni lile la nne. Kiini cha nne kilikuwa kinafanya kazi kwa maana ya kwamba hakianguki. Kilikuwa kinakosea hesabu mara moja moja, kimya kimya, na kila faili iliyopita kwake wakati huo iliandikwa diskini ikiwa na kosa.

Nilikizima, nikaacha vitatu, na mashine ikatulia. Lakini alikuwa ameshabana picha ghafi za harusi za watu kwenye zip kisha akafuta kadi za kamera. Zilizobanwa vibaya hazikurudi. Kurekebisha prosesa hakurekebishi kilichokwisha kuandikwa.

Kwa hiyo mashine kuwaka si kipimo, na mchezo kucheza saa tatu si kipimo. Kipimo changu ni Prime95 ya Small FFTs kwa saa nane, ikifuatiwa na Blend usiku mwingine mzima, kisha 7-Zip: bana folda kubwa ya GB kadhaa, mwambie aikague kwa kitufe chake cha Test, rudia mara tano. Kosa moja katika mara tano linatosha kumkataa mshukiwa. Ukijua dirisha lipi la Prime95 linasimama unajua kiini kipi cha kuzima, mradi ukumbuke kwamba Windows huhesabu kuanzia 0, hivyo Worker #4 ni kiini namba 3 huko. Unaweza kujaribu kukiokoa kwa volteji kidogo zaidi. Wakati mwingine kinapona. Lakini mashine ikiwa ni ya kazi za watu, mimi nakifunga, na prosesa ya viini vitatu vinavyosema kweli namkabidhi mwenyewe nikiwa na amani.

Ambaye ameshatumia kiini kibovu kwa muda, aanze leo kukagua nakala zake moja moja kabla hajafuta chochote cha asili.

Joto linasoma sifuri

Ukifungua viini vya Deneb, vipima joto vilivyo ndani ya prosesa huacha kusomeka. Programu ya kusoma joto, HWMonitor, itakuonyesha 0 au namba ya ajabu isiyobadilika. Si programu mbovu, na kuibadilisha hakusaidii. Kinachobaki ni kipimo cha mazabodi kilicho chini ya soketi, ambacho kiko mbali kidogo na moto wenyewe.

Ninavyofanya: kabla ya kufungua, naendesha Prime95 na viini viwili kwa nusu saa, naandika namba zote mbili, ya ndani ya prosesa na ya soketi. Tofauti yake ndiyo rula yangu baadaye. Kwa kuwa vinne vinachemka kuliko viwili, naongeza tahadhari ya nyuzi tano juu yake. Kwa Phenom II X4 965 AMD waliweka ukomo wa 62°C, na kwa kuwa 555 iliyofunguka ni ndugu yake wa damu, mimi sivuki 60.

Hapa tunaoishi pwani tuwe wakweli. Miongozo mingi ya kupandisha kasi iliandikwa na watu waliokaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Feni inayoiacha prosesa nyuzi 30 juu ya chumba, kwao ni 50. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kina 32, na feni ile ile inakuweka kwenye 62 bila wewe kuongeza volteji hata chembe. Ukijaribu usiku na mashine ikapita, bado hujajaribu. Rudia saa nane mchana, kifuniko cha kasha kikiwa kimefungwa.

Kama joto liko juu na pesti ni ya zamani, ibadilishe, ila angalia unavyong'oa hitisinki. Pesti iliyokauka inashika kama gundi, na prosesa ya AM3 inaweza kuchomoka na hitisinki huku mkono wa soketi ukiwa umefungwa. Pini zake ni 938, nyembamba kama sindano. Endesha mashine dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia taratibu mpaka uisikie imeachia. Usiivute moja kwa moja kwenda juu.

Kasi inashuka katikati ya kazi

CPU-Z inaonyesha 3.6 GHz, unaanza kutoa video, baada ya dakika kadhaa inaporomoka hadi 800 MHz, inarudi, inaporomoka tena. Wengi hulaumu Cool'n'Quiet, kipengele cha AMD cha kupunguza umeme. Hiyo kweli hushusha hadi 800 MHz, lakini mashine ikiwa imepumzika. Ikishuka huku imebeba mzigo kamili, ni ulinzi, na mara nyingi anayelindwa ni mazabodi.

Hesabu yake ni rahisi. Umeme unaoliwa unapanda sawia na kasi, na unapanda kwa mraba wa volteji. Kutoka 3.2 hadi 3.6 GHz na kutoka volti 1.35 hadi 1.45, kila kiini kinakula karibu asilimia 30 zaidi. Sasa una viini vinne badala ya viwili. Mazabodi ya bei nafuu iliyokuwa inahudumia prosesa ya wati 80 kwa raha, yenye mosfeti (vipande vinavyodhibiti umeme wa prosesa) zisizo na kipoza chochote juu yake, ghafla inabeba mzigo wa daraja la wati 125.

Jaribio ni hili: elekeza feni ndogo ya sentimita 8 kwenye mosfeti zilizo kando ya soketi, urudie kazi ile ile. Kasi ikitulia, umempata. Usiziguse kwa kidole kuthibitisha. Ukiwa hapo kagua kapasita kama vichwa vimevimba, na plagi ya umeme wa prosesa ya pini nne kama plastiki imegeuka kahawia. Pima pia laini ya volti 12 mashine ikiwa na mzigo. Chini ya 11.4 pawasaplai imetoka nje ya kiwango cha ATX, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaokuokoa.

Mazabodi ikishindwa hata kwa feni, rudisha kasi 3.2 na ubaki na viini vyako vinne. Kwa kutoa video, viini viwili vya ziada vinazaa kuliko 400 MHz za ziada.

Umegusa pigo la msingi na kila kitu kimevurugika

Mwenye Black Edition hana haja ya kuligusa, kizidisho kinamtosha. Ila ukiligusa, jua linavuta kila kitu pamoja nalo. Ukilipeleka 230, RAM ya 1333 inakuwa 1533, NB (kidhibiti cha RAM na kashe ya L3 ndani ya prosesa) ya 2000 inakuwa 2300, na HT (njia ya prosesa kwenda kwenye chipu za mazabodi) vivyo hivyo. Mashine ikikataa, si lazima prosesa ndiyo iliyochoka. Shusha RAM hadi daraja la 1066, ambalo kwa 230 litakuwa kama 1226, shusha vizidisho vya NB na HT virudi karibu na 2000, ukihakikisha HT haizidi NB, na uiache PCI-E kwenye 100. Ikitulia, panda na RAM peke yake, kisha NB peke yake. Ukiwa na vijiti vinne vya RAM tarajia kusimama mapema kuliko mwenye viwili.

Mashine ikishapita vipimo vyote, naandika kwenye karatasi ya kunata na kuibandika ndani ya kifuniko cha kasha: viini vilivyo wazi na kilichofungwa ni namba ngapi, kizidisho, volteji, joto la soketi mchana, tarehe ya betri mpya. Betri hiyo nayo itakufa siku moja, BIOS itasahau, na atakayefungua kasha siku hiyo asije akakiamsha tena kiini namba 3.